Ukurasa Uliosema Umeanguka

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na mama. Nimefurahi kusikia kikohozi chake kimepungua na kwamba sasa anaweza kukaa kitini mwenyewe. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile, na kiti changu cha ofisini bado kinaniua kiuno.

Umewahi kuniuliza hasa ninafanya nini kwenye hiyo tovuti ya mitihani, nikakujibu kwa mkato. Leo nitakueleza vizuri. Mimi natengeneza violezo vya kurasa. Kiolezo ni kama zile karatasi unazokatia magauni: umbo ni moja, kitambaa hubadilika. Mtahiniwa akiandika namba yake na kubonyeza, ombi lake linatufikia likiwa na ile namba ndani. Kiolezo kinaisoma, kinatafuta matokeo, kinayaweka kwenye ukurasa.

Mwaka ule ulipofanya mtihani wa kujiunga na chuo cha uuguzi, niliogopa tovuti itazidiwa na watu. Nikaiagiza ihifadhi nakala ya ukurasa ili isiuandae upya kila mara. Nilichosahau ni kuiambia kwamba kila namba ina ukurasa wake. Mtu wa kwanza aliyefungua alikuwa ameanguka, na nakala ya ukurasa wake ndiyo waliyopewa wote waliofuata kwa dakika arobaini. Haikuwa na jina wala namba, hivyo hakuna aliyeshtuka, mpaka bwana mmoja alipopiga simu kulalamika kwamba amejaribu namba yake, ya mkewe, na nyingine ya kubuni tu, na hata hiyo ya kubuni imeanguka.

Mkuu wangu hakugomba. Aliniambia nitoe kwenye kumbukumbu za maombi orodha ya namba zote zilizoingia katika dakika zile, nimpigie kila mtu, na kila niliyempata nimtilie tiki. Walikuwa arobaini na mmoja. Ilinichukua siku mbili. Mmoja alilia, mwingine alinitukana mpaka simu ikamwishia chaji.

Wiki iliyopita mkuu aliwaonyesha wafanyakazi wapya orodha ile, akawaambia hivyo ndivyo kosa linavyosahihishwa. Nilisubiri watoke, nikamwambia kwamba tiki moja ni ya uongo.

Dada, ni yako. Ulikuwa wa kumi na saba. Mchana ule ulikuwa umeshanipigia kuniambia umeanguka, na kwamba basi, utabaki na mama. Nilikupa pole. Kesho yake nilipoiona namba yako kwenye orodha nilijua ukweli, nikakaa na simu mkononi. Mama ndiyo kwanza alikuwa amepooza, nami nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Ungekwenda chuoni, ningerudi nyumbani mimi. Nikatia tiki, nikampigia wa kumi na nane.

Siandiki ili unisamehe. Naandika kwa sababu mwezi jana ulisema kichwa chako hakikuumbiwa vitabu, ukacheka, nami nikacheka nawe. Ulipata themanini na moja. Waliochukuliwa walianzia sitini na tano. Nimeulizia chuoni, matokeo yale yanakubalika mpaka mwisho wa mwaka huu. Karatasi yenye muhuri nimeiweka humu. Mkuu hajaamua atanifanya nini. Vyovyote iwavyo, Jumamosi nitafika kukaa na mama, uende usiende.

Nisalimie mama. Kumwambia haya au kutomwambia, hilo ni juu yako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba