Mguu wa Mzee Shomari

Jumanne, Kibaha

Nimekula vizuri tu leo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Asubuhi mimi na dereva tulikwenda Chole kuchukua ule mguu wa bandia wa utafiti wetu. Miezi ya majaribio imekwisha, na fomu aliyoweka dole gumba Mzee Shomari inasema kifaa kitarudi maabara, tupime soli imelika kiasi gani. Nilimsomea mimi mwenyewe kipengele hicho, haraka haraka.

Tulimkuta kibarazani, mguu ameshauvua, ameufunga kwenye kanga ya mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Chukua. Nimewarudishia safi."

Ni safi kweli. Ameuosha, na soli iliyolika ameibandulisha kwa fundi viatu, akawekewa mpya ya tairi. Alisema angeona aibu kurudisha kitu cha watu kimechakaa. Ile ya zamani aliitupa.

Nikamwambia asante. Ningemwambia nini? Akaruka kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, kutusindikiza.

Jioni nilimwonyesha msimamizi wangu wa utafiti. Aliugeuza mara moja tu. "Huyu hana data. Mtoe."

Nikauliza, basi si tumrudishie, maana kwetu hauna kazi tena. Akasema utaratibu ni utaratibu, vifaa vyote vinabaki.

Sasa uko kabatini, na kanga yake. Nimemfuta kwenye jedwali, wala haikuchukua muda.

Kesho naenda Dutumi kuchukua mguu mwingine, kwa mama mmoja muuza maandazi. Nimeshampigia simu. Nimemwambia asiuoshe.