Kauthar na barua ya sheha

Ummi, uko? Kauthar wa redio yetu yuko kituo cha polisi, kang'ang'ania benchi. Mzima. Kamera haipo.

Alikwenda kupiga picha karafuu za magendo zikipakiwa. Watu wakamzunguka: "Huyu ndiye anayetutangaza." Wakamvuta mtandio, wakamrushia mawe. Askari wawili ng'ambo ya barabara wanakunywa madafu. Wanakunywa, Ummi.

Akakimbilia kituoni, kundi zima nyuma yake. Afande akamuuliza, "Una barua ya sheha?"

"Afande, wananipiga."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini malalamiko huanzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa pale lilipotokea jambo. Ndio utaratibu."

Barua ya sheha. Ndiyo hiyo hiyo aliyodaiwa mwandishi mwenzetu Haroub mwaka ule alipovunjwa mkono na kuvunjiwa kinasa sauti chake. Polisi wamesahau, mimi sijasahau. Serikali inatakiwa imlinde mwandishi kabla hajapigwa, hii inamdai barua huku anapigwa.

Kauthar akamwambia, "Sheha mwenyewe ndiye aliyeninyang'anya kamera."

Afande akachungulia dirishani. Sheha yuko nje, mbele ya kundi, kamera kaivaa shingoni.

"Basi huna haja ya kwenda mbali," akasema. "Toka ukamwombe."

Akamfungulia na mlango.