Nyuma ya Masikio Yako

Ngonga, Kyela
Jumapili, 16 Novemba

Mdogo wangu mpenzi Asifiwe,

Ugonile, mwanakwetu. Nimeanza na salamu ya nyumbani, sasa niulize ya hospitali. Kidonda kinakauka? Unalalia upande gani siku hizi? Na Asheri anakupikia, au mnaishi kwa chipsi za barabarani? Sisi huku ni wazima kwa kadiri tunavyoweza. Mama anaendelea, ila magoti ndiyo yanayomwamulia pa kwenda. Mimi siumwi. Nimechoka tu, na uchovu wangu sikuuonea dawa katika maduka niliyopita juzi, kama utakavyosoma.

Najua utashangaa kupokea daftari zima badala ya karatasi moja. Nimeandika kwa maka peni, ile tunayoandikia majina kwenye magunia ya mpunga, na kila herufi nimeipa mistari mitatu, ili uisogeze karibu na macho uisome mwenyewe. Usimpe Asheri akusomee. Shemeji yangu sina ugomvi naye, ila maneno mengine humu yanakuhusu wewe kwanza. Kupiga simu nimejaribu mara mbili. Simu yako inaongea kwa sauti ya juu na chumba kizima kinasikia, basi nikaishia kukuuliza habari za hali ya hewa. Wewe mwenyewe uliniuliza lini nimeanza kujali mawingu ya Mbeya.

Huku mvua imejaribu mara moja ikaacha. Tunatifua majaruba, ardhi ngumu, jembe linaruka. Mbombo ngafu, kazi ni ngumu, kama tunavyosalimiana siku hizi njiani hata kabla ya kuulizana hali. Kokoa ya mama tumeianika uani na kuku wanaikanyaga kutwa. Ambwene, mume wangu kwa jina, bado yuko Karonga na yule mwanamke wake wa huko, huu mwaka wa saba. Alituma salamu Septemba. Nilizipokea nikaendelea kutwanga.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. Ulisema daktari amekuambia kile kidonda cha nyuma ya sikio wamekitoa chote, na kile cha shingoni pia, lakini tangu sasa jua ulione kwa dirishani. Ulisema unataka kuja kukaa kwangu kabla ya Krismasi mpaka upate nguvu, kwa sababu nyuma ya masikio hujioni, na Asheri anakupaka kama anapaka chokaa ukutani, na ni mimi tu ninayejua kukupaka. Ukaniomba nikutafutie losheni nzuri ya jua hapa Kyela, uikute.

Halafu mwishoni, kama kitu kidogo tu, ukasema daktari aliuliza kama utotoni ulikuwa ukipakwa losheni kila siku, nawe ukamjibu kwamba dada yako hakukosa hata siku moja. Daktari akaandika. Njiani Asheri akasema pengine ulikuwa mtundu, unavua kofia ukifika mbele ya safari. Ulicheka ulipokuwa unanisimulia. Lakini uliniuliza kama mimi nakumbuka, maana wewe mwenyewe umeanza kuona labda ulikuwa unavua.

Swali hilo nimekaa nalo wiki tatu. Nikaona nianze na losheni, maana ndiyo kazi niliyoweza.

Juzi Ijumaa nikapanda bodaboda mpaka Kyela mjini. Duka la kwanza lilikuwa la vipodozi, jirani na soko. Binti wa pale uso wake ni wa rangi ya karanga iliyomenywa, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, nikajua anajipaka dawa anayouza. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Alinitazama usoni akaujua ugonjwa wangu. Akasema ni weusi wa jua, akina mama wa mpunga wote wanao, na akanishushia tyubu tatu, moja haina hata maandishi, akasema imetoka ng'ambo ya mto na kwa wiki mbili nitarudi usichana. Nilimwambia usichana wangu sina haja nao tena, ulinichosha ulipokuwepo. Nikamweleza kuwa natafuta losheni ya mdogo wangu mwenye ualbino. Hapo akaacha utani. Akaenda dirishani akaleta chupa moja iliyokuwa imepangwa kwa urembo, inapigwa na jua tangu sijui lini. Tuliifungua, maji yamejitenga na mafuta. Yeye mwenyewe akasema nisiichukue. Nilimpenda kwa hilo.

Kwenye duka la dawa nilimkuta kijana mmoja mpole, Jubilate, ndiye mfamasia. Aliniweka kwenye benchi akanifundisha kama mwanafunzi. Alisema nitazame namba, kwa ngozi ya kawaida thelathini inatosha, kwa yako nisikubali chini ya hamsini. Nitazame pia kama imeandikwa kwamba inazuia miale ya aina zote mbili, ule unaounguza juu na ule unaopenya ndani bila kuusikia, kwa sababu nyingine zinazuia mmoja tu. Isiwe na manukato, maana ngozi yenye makovu haipendi. Nisome tarehe ya mwisho. Nisiiweke chini ya bati wala dirishani, joto linaiua. Upakwe nusu saa kabla ya kutoka, na upakwe nyingi, uso na shingo na masikio peke yake vidole viwili vilivyojaa, siyo tone la kulamba. Kila baada ya saa mbili irudiwe, na ukitoka jasho irudiwe. Na hata hivyo kofia pana na mikono mirefu viwepo, kwa sababu losheni peke yake si ukuta. Niliandika yote kwenye kiganja mpaka kikajaa, nikahamia mkono wa pili.

Halafu nikamuuliza, kana kwamba naulizia uso wangu, kama losheni hiyo ikipakwa kwenye ngozi iliyokwisha kuungua itarudisha weupe wa zamani. Akasema hapana. Alisema losheni ya jua haimng'arishi mtu, haijawahi. Inazuia tu jua lisizidishe. Weusi wa jua ukikaa kivulini unapungua wenyewe pole pole, au haupungui, na kinachouondoa haraka mara nyingi kinaondoa na ngozi. Nilianza kucheka, Asifiwe. Nilicheka mpaka akaniletea maji na kuniuliza kama nimekula. Kicheko hakikuwa cha furaha. Nililipia chupa moja ya namba hamsini nikaondoka.

Sasa nisikilize. Mkono wangu ulitaka kuandika sehemu hii kwa herufi ndogo, kwa kisingizio kwamba daftari linakaribia kuisha. Naiandika kubwa kama nyingine.

Mwaka ule ulipokuwa darasa la tano, watu wa kliniki ya ngozi walikuja kanisani wakakupa kopo kubwa jeupe lenye kifuniko cha bluu. Likutoshe mpaka warudi baada ya mavuno. Mama aliniita akaniambia kopo ni la Asifiwe, kazi ni ya Tupokigwe. Ndiyo miaka ile ambayo mama hakukuacha utembee hatua kumi peke yako, kwa hofu tunayoijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekupeleka shule na kukurudisha, na Jumamosi tulikaa wote shambani kufukuza ndege.

Mwaka huohuo watu wa kina Ambwene walisema watakuja kuniona baada ya mavuno. Mimi nilikuwa nimeshinda kwenye majaruba tangu kupandikiza. Paji la uso lilikuwa na mstari, juu ya kitambaa rangi yangu, chini yake masizi. Wenzangu walinicheka, wakasema shangazi zake wakija wataniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nami kila asubuhi nikikupaka, nilikuwa naona losheni inavyobaki nyeupe kwenye mashavu yako kabla ya kuingia. Nikadhani weupe ule ndio dawa. Nilidhani unaingia ndani ya ngozi na kubaki humo. Msichana wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza shule, ndivyo nilivyodhani.

Nikaanza kujipaka kabla hujaamka. Kidogo, kisha si kidogo. Kopo liliposhuka nikaogopa mama ataona, nikanunua sokoni losheni ya mikono, nyeupe vilevile, yenye harufu ya waridi, nikawa najazia. Mpunga ulipoanza kukomaa na ndege kuja, ndani ya kopo hapakuwa na dawa tena. Ilikuwa waridi tupu.

Na nilikupaka. Usoni, shingoni, nyuma ya masikio, kila asubuhi ya Mungu. Sikukosa hata siku moja, hukumdanganya daktari. Siku ya kwanza ulisema leo inanukia vizuri, dada, ukanusa mikono yako njia nzima mpaka shuleni.

Kisha ukaungua. Unakumbuka malengelenge, shingoni na nyuma ya masikio, ukalala kifudifudi siku nne. Uliniambia inawasha nikakujibu ni joto. Mama aliponiuliza imekuwaje, nikasema ulivua kofia tulipokuwa shambani. Ukiwa bado na vidonda, mama akakuchapa kwa kosa la kuvua kofia. Ulilia ukisema hukuvua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baada ya hapo nilimwaga lile waridi, nikamwambia mama kopo limepinduka, na tukakufungia ndani mpaka kliniki iliporudi. Kufika mwaka uliofuata ulikuwa umeshakubali kwamba ulivua. Ulikuwa ukiwaonya hata watoto wa jirani wasiwe watundu kama wewe.

Hukuvua, Asifiwe. Kofia ilikuwa kichwani siku zote. Mwambie Asheri hivyo, na daktari umwambie pia, aandike upya.

Sijui kama ni jua la msimu ule lililoleta kidonda hiki. Jubilate alisema jua la miaka yote hujumlishwa, hakuna anayeweza kuonyesha siku. Sikuuliza zaidi, nilikuwa naona nafuu aliyonipa na sikuitaka. Mahali walipokukata ndipo vidole vyangu vilipokuwa vinapita, na hilo nalijua bila mfamasia.

Ukitaka kujua mwisho wa urembo wangu, shangazi za Ambwene walipokuja hawakunitazama usoni hata kidogo. Waliniambia nifungue viganja. Wakavipapasa, wakakuta sugu, wakatikisa kichwa wakaridhika. Walikuwa wanatafuta mtu wa kulima.

Mama nimemwambia jana, tukichambua maharage. Nilitegemea atapiga kelele. Aliniuliza tu kama nakumbuka alikuchapa viboko vingapi. Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka, akaendelea kuchambua. Leo hakwenda kanisani, amesema ni magoti.

Nimechoka kubeba hili, lakini sikuandiki ili wewe unisaidie kulibeba. Nimekuandikia kwa sababu unataka kuja nikupake, na siwezi kukugusa tena nyuma ya masikio wakati hujui mkono huu ulifanya nini. Ukiamua usije, nitaelewa, sitamtuma mtu kukuomba. Ezra anayekuletea daftari hili atarudi Alhamisi. Mpe jibu la neno moja tu, naja au siji, na ukisema hapana nitampa chupa akuletee huko huko.

Chupa iko ndani, imekaa sakafuni kando ya mtungi ambako ni baridi. Namba yake hamsini, tarehe yake bado sana, na ile karatasi ya kwenye kifuniko sijaibandua. Ukija, utaifungua wewe. Inuse kwanza, haitakiwi kunukia kitu. Kisha utajipaka mwenyewe, na mimi nitakushikia kioo nyuma ya sikio, karibu kabisa, mpaka uone.

Mama anakusalimu, amesema kwa mkono wake mwenyewe angeandika kama macho yangemruhusu. Msalimie Asheri, umwambie ndaga, asante sana, kwa kukuuguza. Kaa kivulini.

Ni mimi dada yako,
Tupokigwe