Mikono Miwili Usukanini

Kuresoi, 7 Julai 2024

Kwa binti yangu Cheptanui,

Salamu nyingi. Natumaini mwili una nguvu huko Nakuru. Sisi tu wazima, ng'ombe pia, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Pokea viazi alivyobeba Sitati kwa lori lake, pamoja na barua hii. Ukijibu usitumie simu, siku hizi herufi zake ni ndogo kama chawa. Andika kwenye karatasi, tena kubwa kubwa.

Daktari wa macho kule Molo amenikataza kuendesha gari. Nimemwambia maziwa ya majirani hayajipeleki. Nitaacha pikapu siku utakayoleta leseni, si kabla. Kwa hivyo pita huo mtihani, mama.

Ni mimi babako

Nakuru, 26 Julai 2024

Kwa Baba mpendwa,

Hujambo? Na mgongo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio uko chini. Baba, nimeanguka mtihani.

Ile bodi yenye barabara za mfano, ya kusukuma kigari cha kuchezea, niliimaliza vizuri, na alama za barabarani nilizitaja zote. Kisha nikaingia kwenye gari na afisa. Tukawapita akina mama wanaouza mboga za sukuma wiki, nikawapungia mkono. Tukampita mzee wa baiskeli, nikampungia pia. Afisa akaniuliza, "Hao ni watu wenu?" Nikasema siwajui. Akataka kujua basi mbona nawasalimia. Nikamjibu, "Si tumewapata barabarani?"

Akaniambia niegeshe. Eti mkono wangu ulikuwa hewani zaidi ya usukanini. Wenzangu walianguka kwa kurudi nyuma mlimani na kusahau indiketa. Mimi nimeangushwa na adabu. Mwalimu wangu wa udereva, Joan, alicheka mpaka alipoona machozi.

Nitarudia. Lakini nakuomba, Baba, usiendeshe. Naifikiria ile kona ya darajani kila siku.

Mwanao Cheptanui

Kuresoi, 11 Agosti 2024

Kwa binti yangu,

Hujambo mama? Huku mvua imezidi, lakini tuko.

Usilie. Hiyo adabu nilikupa mimi. Nilikuambia mwenye gari ndiye huanza salamu, kwa kuwa yeye amekaa ilhali mwenzake anakanyaga matope. Na hapa kwetu tumeona miaka ya mapigano ambayo jirani akikupita kimya, ulikuwa na haki ya kuogopa.

Nilikuwa bado naicheka barua yako wakati jirani yetu Ephantus alipokuja hapa nyumbani. Chai alikataa. Aliniuliza, "Nimekukosea nini, rafiki yangu?" Akasema amenipungia mkono wiki nzima nami nampita tu. Mara ya mwisho ilikuwa pale darajani, na aliruka mtaroni ili nisimgonge.

Cheptanui, sikumwona. Mtu ninayemjua tangu tukiwa vijana, na sikuona kitu. Nilimwambia ukweli. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua.

Ufunguo wa pikapu ndio huo ndani ya bahasha. Maziwa yanabebwa na punda wa Ephantus. Yanachelewa, mengine yanaharibika njiani, lakini hakuna anayelalamika. Usiharakishe kwa ajili yangu. Na ukiwa na huyo afisa, tafadhali usimsalimie mtu.

Babako

Nakuru, 8 Septemba 2024

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Sitati ameniambia umeanza kutembea na fimbo, nami nimefurahi kwamba umekubali.

Nimepita, Baba. Mikono miwili usukanini, macho mbele. Karibu na mwisho kulikuwa na mzee mmoja wa koti kubwa ambaye aliinua mkono kwanza. Nikampita. Iliniuma mpaka nikatamani kurudi nimwombe radhi.

Nakuja Jumamosi na leseni na ufunguo wako. Mwambie Mzee Ephantus punda apumzike. Asubuhi utakaa hapo kushoto kwangu, dirisha wazi hata kama ni baridi. Mimi sitaachilia usukani. Nitakutajia kila mtu aliye mbele yetu, jina lake na upande aliko, na wewe utampungia mkono.

Mwanao Cheptanui