Jeneza Lililozidi Futi Moja

Fundi wangu,

Naandika nikiwa karakanani kwetu hapa Arua. Ni asubuhi, nimekaa kwenye kigoda ulichokuwa ukikalia kabla ya kazi, macho umefumba. Wateja walidhani unasinzia. Mimi ulinieleza kwamba mzee Mhindi uliyemtengenezea makabati ujanani alikufundisha kukaa hivyo na kujiuliza ni nani anayeona. Mwili unauona, kwa hiyo si wewe. Mawazo nayo unayaona yakija na kwenda, basi hata hayo si wewe.

"Sasa iko nani?" nilikuuliza.

Ulicheka. "Angalia tu. Usikimbize kama mutu anapaka vanishi."

Kuna jambo linanilemea tangu mazishi. Jeneza lako nililitengeneza peke yangu, na lilikuzidi urefu kwa futi nzima. Sikuja hospitalini Kuluva, ulikofia, kukupima. Nilijiambia, miaka tisa nimesimama kando ya mtu huyu, nipime nini tena? Nikakata mbao kwa kumbukumbu. Kumbe hukuwa mrefu vile, hata kabla ya ugonjwa.

Pale kwenu Manibe, tulipokulaza ndani ya jeneza, shemeji yako alisema mbele ya watu, "Hii iko ya watu wawili. Mwingine iko wapi?" Wengine walicheka. Nilitamani niingie humo pamoja nawe. Mkeo alikunja blanketi lako, akajaza nalo nafasi iliyobaki miguuni pako. "Wacha, mwanangu," aliniambia. "Umetengenezea ule mutu ulikuwa unajua."

Tangu hapo nimekataa kazi ya majeneza. Naranda viti na vitanda. Mara nyingine mikono inakwenda yenyewe, maranda yanaanguka polepole, huzuni inakuja, inapita, na kuna mtu ndani anaiangalia bila kulia. Sijui kama ni mimi. Pengine huyo ndiye aliyekuona mrefu.

Jana walikuja ndugu wawili kutoka Koboko. Mama yao amefariki, wanataka jeneza. Nilifungua mdomo nikatae, nikajisikia nikisema nitakuja kumpima.

Pikipiki inaningoja nje. Naogopa, Fundi. Lakini nakuahidi nitampima mama yule kwa tepu, kichwa hadi kisigino, mara mbili, nimpe nafasi yake kamili bila kuzidisha.

Kwaheri, mwalimu wangu. Wewe sikupunguzi. Nitaendelea kukukumbuka mrefu.