Matembezi ya Kaka Maranga

Jumanne, 3 Desemba 2024

Maranga amefika mjengoni leo wakati wa chakula. Bila kupiga simu! Nilikuwa na karai la kokoto begani, nikamwona amesimama kando ya mchanga, koti la kanisani, mkoba mgongoni, anatabasamu. Kaka yangu hajawahi kunifuata kazini tangu nije Homa Bay. Nikauliza nani amekufa. Akasema watu wote wazima, amekuja kutembea tu. Siku hizi kila mtu anapanda Got Asego kupiga picha, na yeye pia ana macho.

Kutoka Ntimaru mpaka huku kuona kilima? Kwetu vilima vimekwisha?

Elijah, fomani wetu, Mjaluo wa maneno mengi, akamwambia, "Omera, ndugu yangu, Mkuria akija kutembea sisi hufunga ng'ombe kwanza." Watu wakacheka. Maranga alicheka kuliko wote. Hiyo pia si kawaida yake.

Nikauliza mbona simu ya Mellen haiingii tangu Jumapili. Akasema simu ya mke wangu iliingia maji. Na Mourine, binti yangu? Mzima, anakula, yuko na bibi yake. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Jumatano, 4 Desemba

Tumemwaga slabu kutwa. Mgongo si wangu.

Jioni Elijah ananiambia nipumzike mpaka Jumatatu. Sikuomba! Kumbe Maranga alimwendea asubuhi, akamwambia ndugu wawili wana mambo ya kuongea. Tangu lini kibarua anaombewa likizo na mgeni?

Basi niandike ninachofikiria, humu hakuna anayesoma. Ni Desemba. Shule zimefungwa. Mwaka huu ukoo wetu unatahiri. Wavulana mchana mbele ya watu, na wasichana kwa kujificha, kwa sababu serikali imekataza. Mourine anaingia gredi ya nane. Mwezi wa nane nilikwenda nyumbani nikawaambia mama, Maranga na wazee: huyu wangu hapana. Nikamwambia na mtoto mwenyewe. Alinishika shati. Maranga siku hiyo alitazama kuku tu.

Nimemwambia hizi siku twende wote nyumbani. Akasema mbona haraka, tutakwenda Jumatatu, yeye amekuja kwangu mara ya kwanza, hata kilima nimnyime? Baba alipokufa ni yeye aliyenilea. Alinisomesha mpaka darasa la sita, akauza ndama wake mwenyewe. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba unamshuku?

Alhamisi, 5 Desemba

Tumepanda Asego. Mimi nilipanda kama mtu wa mjengo, polepole, nikitazama miguu. Maranga alisimama kila mahali. Vijana wa chuo walikuwa huko na spika, wasichana wa Nairobi wamekalia mawe na miwani, wanapigana picha.

Juu ni pazuri. Sitadanganya. Mji wote uko chini, mabati yanawaka, kisha ziwa, halafu milima ya Homa upande mmoja na upande mwingine Gwassi, ya bluu. Nimefanya kazi chini ya kilima hiki mwaka mzima na sijawahi kukipanda. Maranga alivua kofia. Alisema baba angeona hapa angekaa kimya. Macho yake yalikuwa na maji.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Furaha yake ni ya kweli. Mtu anaweza kufurahi hivi huku anakuchimbia shimo?

Nikamwomba simu yake nimpigie mama, yangu haina salio. Akasema chaji imekwisha. Baada ya dakika chache alikuwa anapiga picha nayo.

Ijumaa, 6 Desemba

Sokoni. Maranga amenunua leso mbili na mwavuli wa maua, mpya. Nikauliza ni wa nani. Wa mama, anasema. Yeye mwenyewe ni mtu wa kofia, hata mvua ya mawe haimtoi kofia.

Sasa anataka Magunga. Amesikia kwamba kutoka milima ya Gwassi unaona bonde lote la Lambwe na twiga wa mbuga ya Ruma bila kulipa getini. Nikasema tuelekee nyumbani. Akasema, "We mura, kijana, mwaka mzima unabebea watu mawe, na siku mbili za ndugu yako zinakuwa nzito?"

Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali. Magunga ni kuzidi kwenda mbali na kwetu.

Jumamosi, 7 Desemba

Twiga tuliwaona kweli, kutoka barabarani, shingo juu ya miiba. Tukaacha mizigo mingine kwenye chumba tulichokodi mlimani, juu ya Magunga, ambako simu haishiki kabisa. Mwenye nyumba alisema wageni hupapenda kwa sababu hiyo.

Mchana tulipanda zaidi. Mvua ikatukuta kwenye ukingo, hakuna mti, hakuna mwamba. Maji mpaka kwenye viatu. Maranga alikuwa na mwavuli kwenye mkoba. Nikamwambia aufungue. Hakuufungua. Aliuzungushia karatasi ya nailoni, akaukumbatia chini ya koti, akaloa yeye.

Mwavuli gani huo unaokingwa mvua?

Nikajua nikiwa nimesimama palepale. Kwetu msichana akitoka kukatwa hurudishwa nyumbani amefungwa leso mpya, na juu yake mwavuli mpya, watu wanaimba. Haufunguliwi kabla. Nimeona wasichana wangapi wakipita kwetu hivyo, wanaburuta miguu.

Tulishuka. Alipokwenda kuoga nilifungua mkoba. Leso mbili. Katikati ya leso, simu ya Mellen. Kavu. Imezimwa.

Aliporudi nilikuwa nimeishika mkononi. Hakukana. Alikaa kitandani na taulo lake, akafunga kamba za viatu ambavyo hajavaa. Akasema mama ndiye anayelia kila siku, kwamba mjukuu wake hataolewa na mtu wa maana, kwamba atachekwa kisimani hata akizeeka. Nikamwuliza ni lini. Nikauliza tena. Akasema, "Nilisimama mbele ya wazee nikasema umekubali. Unataka nirudi kwao na uso gani?"

Nikamwambia mimi nilimwahidi mtoto. Akasema ahadi kwa mtoto si ahadi, na nitamshukuru mbele.

Nikatoka hivyo hivyo kwenda Magunga kwa miguu. Daraja la chini limezama kwa mvua. Nimerudi. Ameniwekea chakula. Sikukila.

Jumapili, 8 Desemba

Niko Magunga, kwenye ngazi za duka, naandikia kwenye goti.

Maji yalipopungua nilivuka, Maranga nyuma yangu. Sikumwita, sikumfukuza. Simu iliposhika nilinunua salio kidogo, nikampigia Roseline, jirani yetu. Aliongea chinichini. Ni kesho alfajiri. Mourine yuko nyumbani kwa mama, mlangoni wamekaa wanawake wa ukoo. Mellen amekwenda kutafuta watu wa kanisa na hajarudi. Nikamwambia Roseline amfikishie mtoto neno moja, kwamba nakuja. Akasema, "Baba Mourine, njoo kimya. Wakisikia uko njiani hawatangoja asubuhi." Kisha salio likaisha.

Magari ya Jumapili ni machache. Lakini kuna lori la mkaa linalopitia Homa Bay mpaka Migori, wanafunga turubai sasa. Kutoka Migori nitajua. Naweza kufika kabla ya giza.

Maranga amekaa ngazi ya pili chini yangu. Simu yake iko mkononi na hapa mtandao ni mzuri. Nimemwomba anipe. Akasema yeye si mtoto wangu. Kumpokonya siwezi, ndiye aliyenilea, na hata nikiweza, duka lote lina simu. Nimemwuliza akibaki atawapigia? Ameifuta simu kwa pindo la koti. Nimemwuliza akija nami atasimama upande gani tukifika mlangoni kwa mama?

"Sijui," amesema. Ndilo jibu la kwanza kutoka kwake tangu Jumanne ambalo nimeliamini.

Nikimwacha hapa, wanajua kabla lori halijafika Lambwe. Nikienda naye, naingia nyumbani na mtu wao begani.

Turubai limefungwa. Dereva ananiita, anauliza ni mmoja au ni wawili. Maranga amesimama, amevaa mkoba, hasogei. Ananitazama mimi.