Dakika Ishirini za Farasi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia hatimaye umepata chumba chenye dirisha. Huku hatujambo, isipokuwa jambo moja, na usinikasirikie.

Unauliza nimefika wapi kwenye gemu uliyoniachia. Sijafika popote! Ulisema gemu yenye dunia kubwa namna ile haimfai mtu mwenye shughuli, itanishinda. Kweli, mchana nikitoka kwenye cherehani kuja kumlisha mama, zinabaki dakika ishirini tu. Kuimaliza siwezi. Basi vita na hazina nimeachana navyo, natembeza farasi tu, mama akitazama kutoka kitandani.

Ndiyo, kitandani. Nilikuandikia ana mafua kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani. Ni kiharusi, na kwa miezi minne hakutamka neno.

Wiki iliyopita farasi alifika njiapanda. Unanijua, kulia na kushoto huwa nachanganya, hata mikono ya mashati ya watu nimewahi kuibadilisha. Nyuma yangu nikasikia: "Kushoto."

Nikababaika, nikakata kulia, farasi akatumbukia mtoni.

"Kushoto, bwege wewe!"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Nililia hadi nikachelewa kazini.

Sasa kila mchana yeye ndiye anayeongoza. Jana alitupeleka mlimani, akacheka. Kwa hiyo usinitafutie gemu fupi, hii inatutosha kabisa.

Piga simu saa saba mchana. Akikuita bwege, ujue amekutambua.

Dada yako,
asiyejua kulia wala kushoto